Jina la Einstein kwenye karatasi ya DAFI: wanafunzi Wayahudi walisoma vipi walipofungiwa mlango

Leo zamu ya historia ni yetu sisi wa kujitolea upande wa elimu, na tumechagua habari ambayo wengi hawaitegemei.

Kila ikibandikwa karatasi ya DAFI pale ubaoni tunasukumana kuisoma. Tunatafuta tarehe ya mwisho, tunatafuta kama umri unaruhusu, tunatafuta kama wanadai diploma yenyewe au nakala inatosha. Ila jina la mpango wenyewe nani analisoma? DAFI ni kifupi cha maneno ya Kijerumani, na ndani ya jina lile refu yumo mtu: Albert Einstein. Mpango ulianza mwaka 1992. Ujerumani inatoa pesa, UNHCR inasimamia. Tulipouliza vijana wa kundi kwa nini Einstein, karibu wote walijibu sawa: juu alikuwa na akili sana. Akili alikuwa nayo, hatubishi. Lakini wenye akili duniani ni wengi. Yeye yuko pale juu alikuwa mkimbizi. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani, akaondoka nchini Desemba 1932, mwezi uliofuata Hitler akashika madaraka, na Einstein hakukanyaga tena kule mpaka kufa kwake. Hata shirika la IRC, ambalo wengi wetu tunalijua kwa kliniki za kambini, mzizi wake ni kamati iliyoundwa mwaka 1933 kwa wito wake.

Kuna jambo lingine juu yake ambalo halisemwi sana, na ndilo lililotufanya tuandike. Miaka tisa kabla hajawa mkimbizi, mwaka 1924, Einstein alikubali kuwa rais wa heshima wa umoja mpya wa wanafunzi Wayahudi wa dunia. Profesa mwenye Nobeli, watu wanamgombania kila mji, anakubali kuweka jina lake kwenye chama cha wanafunzi wasio na kitu. Kwa nini wanafunzi wale walihitaji umoja? Na ndani ya umoja walikuwa wanafanya nini hasa?

Tunajua wengi wetu Wayahudi tunawajua kwa Biblia au kwa Qur'ani tu, na tunajua pia ukitaja jina lao siku hizi watu wanakimbilia siasa ya Israel na Palestina. Mjadala huo upo na una uzito wake. Leo tunazungumza juu ya vijana wa miaka 20 na kidogo, waliotaka kusoma.

Tuanzie Urusi. Mwaka 1887 serikali ya mfalme wa kule iliweka kikomo. Katika majimbo ambayo Wayahudi waliruhusiwa kuishi, wasizidi 10 kwa kila wanafunzi 100 wa chuo. Nje ya majimbo hayo, 5. Moscow na St Petersburg, 3. Sasa fikirieni: katika miji mingi ya majimbo yale Wayahudi walikuwa nusu ya wakazi au hata zaidi. Kijana anafaulu vizuri kabisa, halafu anaambiwa nafasi za watu wa aina yako zimejaa. Sisi tunaijua hesabu ya namna hiyo. Mwaka 2019 UNHCR ilihesabu kwamba wakimbizi wanaofika masomo ya juu ni 3 tu kwa kila 100, na lengo lililowekwa ni kufika 15 ifikapo 2030.

Basi wale vijana wakafanya kile kijana yeyote angefanya, wakavuka mpaka. Walikwenda Berlin, Zürich, Bern, Geneva. Mmoja wao alikuwa Chaim Weizmann, mtoto wa kijiji cha Motal, ambacho leo kiko Belarus. Alikwenda Ujerumani mwaka 1892 kusoma kemia, na huko Berlin akaingia katika chama cha wanafunzi Wayahudi waliotoka Urusi. Walikuwa maskini wa kutupwa. Walikutana kubishana hadi usiku wa manane, chakula mara nyingi cha mkopo, hoja zenyewe hazina mwisho: sisi ni dini au ni taifa, turudi kwetu au tuhamie mbali, tuseme Kirusi au Kiebrania. Ukikaa na vijana wetu usiku kwenye chaji ya simu utasikia maswali ya kufanana. Weizmann mwaka 1949 akawa rais wa kwanza wa Israel.

Vienna nako wanafunzi wa namna hiyo walikuwa wameanzisha chama tangu 1882, jina lake Kadimah. Neno hilo la Kiebrania lina maana mbili, "mbele" na "kuelekea mashariki". Tumelipenda jina hilo. Mtu anatazama mbele na anatazama alikotoka kwa neno moja.

Sasa tuje kwa mtu ambaye kwetu ndiye moyo wa habari hii. Anaitwa Hersch Lauterpacht. Alizaliwa mwaka 1897 katika mji mdogo karibu na Lwów. Mji wa Lwów wenyewe leo unaitwa Lviv, uko Ukraine, lakini yeye akiwa mtoto ulikuwa chini ya Austria, na alipokuwa mwanafunzi wa sheria pale, ufalme wa Austria ukavunjika, Waukraine na Wapolandi wakapigania mji, na Novemba 1918 mtaa wa Wayahudi ukavamiwa na kuchomwa. Mtu hajahama nyumba lakini nchi imehama chini ya miguu yake. Masomo alisoma, ila mitihani ya mwisho hakuifanya pale; mwenyewe alieleza baadaye kwamba chuo kilikuwa kimefungiwa Wayahudi wa eneo lile. Mwaka 1919 akaenda Vienna.

Vienna ya wakati ule ilikuwa na njaa baada ya vita, imejaa wakimbizi kutoka mashariki, na wanafunzi Wayahudi wakipigwa ndani ya chuo kikuu chenyewe. Lauterpacht angeweza kufunga mlango akasoma vitabu vyake. Badala yake akawa mtu wa vikao. Alisaidia kupanga bweni la wanafunzi Wayahudi wasio na pa kulala. Kuna kitu cha ajabu juu ya bweni hilo: mwanamke waliyemwajiri kuangalia usafi na mambo ya nyumba aliitwa Paula Hitler. Ndiyo, dada yake yule yule. Wakati huo kaka yake alikuwa bado mtu wa mikutano ya baa kule Munich, na wanafunzi hawakujua lolote.

Mambo ya bweni, ya sahani ya supu, ya kupata kitabu kimoja cha kusomwa na watu kumi, ndiyo yaliyozaa umoja wa wanafunzi Wayahudi wa dunia mwaka 1924. Lauterpacht akawa mwenyekiti wa kwanza, Einstein akatoa jina lake. Tunasisitiza mpangilio huo juu watu wanafikiri umoja unaanza na katiba na muhuri. Huu ulianza na vitanda.

Lauterpacht mwenyewe wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia London, mwaka 1923, pamoja na mkewe Rachel aliyekuwa akisomea muziki. Hakuwa na Kiingereza cha kueleweka. Profesa aliyemlea, Arnold McNair, alisimulia kwamba walipokutana mara ya kwanza hawakuelewana kabisa, halafu baada ya muda mfupi kijana alirudi akizungumza vizuri. Siri ilikuwa kuhudhuria mihadhara mingi kila siku, hata isiyomhusu, ili masikio yazoee. Ndugu zetu mliosoma kwa Kifaransa Kongo au Burundi na sasa mnadaiwa Kiingereza, mbinu hiyo haina ada.

Mwaka 1938 akawa profesa Cambridge. Mwaka 1945 alichapisha kitabu kilichopendekeza haki za binadamu ziandikwe kama sheria ya kimataifa, na ni yeye aliyechangia kuingiza maneno "uhalifu dhidi ya ubinadamu" katika hati ya mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu wakubwa wa Hitler. Maneno hayo ndiyo yanayotumika mpaka leo wakishtakiwa wababe wa vita, wakiwemo wa kwetu Kongo. Wakati anaandika hayo, ndugu zake aliowaacha kule Lwów walikuwa wameuawa karibu wote. Alibaki binti wa dada yake.

Turudi nyuma kidogo, Poland, juu kule ndiko palipokuwa na Wayahudi wengi kuliko nchi nyingine za Ulaya ya kati, na kule hadithi inauma zaidi.

Vyuo vya Poland vilikuwa na vyama vya kusaidiana vya wanafunzi vilivyoitwa Bratnia Pomoc, yaani Msaada wa Kindugu. Jina zuri. Lakini Myahudi hakuhesabiwa ndugu, hakuingia. Wayahudi wakaunda vya kwao, wakaviita tu Msaada wa Pamoja. Humo walikuwa na kantini ya bei ndogo, mkopo wa ada, daktari wa wanafunzi, vitabu. Warsaw, mtaa wa Praga, mwaka 1926 walifungua nyumba yao ya wanafunzi, yenye vitanda, maktaba, mahali pa kula na ukumbi. Wenyewe waliitegemea hasa vijana wa miji midogo, wanaofika mjini na sanduku moja na hawana mjomba wala shangazi pale.

Kulikuwa pia na jambo la maiti, na tunaomba mtuvumilie, si la kupendeza ila linaonyesha chuki inavyofika mbali. Wanafunzi wa udaktari hujifunza kwa kupasua maiti. Miaka ya 1920 wanafunzi wenye chuki wakadai Myahudi asiguse maiti ya Mkristo. Jamii ya Wayahudi ilete maiti zake au watoto wao waache udaktari. Dini ya Kiyahudi inataka mtu azikwe haraka na mwili mzima. Kwa hiyo wazazi walibanwa: ama wavunje heshima ya wafu wao, ama watoto wakose kusoma.

Miaka ya 1930 mambo yakachacha. Mwaka 1935 katika chuo cha ufundi cha Lwów, na mwaka 1937 kwa ruhusa ya wizara, vyuo vikaanza kuwatengea Wayahudi madawati yao upande mmoja wa darasa. Watu wakayaita madawati ya geto. Katika kitabu cha mwanafunzi, kile cha kuandikia kozi na alama, unagongwa muhuri unaoonyesha ukae wapi. Ukikaa pengine, wenzako wenye fimbo zilizofungwa nyembe wanakungoja mlangoni.

Walifanya nini? Walisimama. Mwalimu anafundisha saa nzima, na kule nyuma wanafunzi Wayahudi wamesimama wima, daftari mkononi, wanaandika. Hawakutoka darasani, juu kutoka ndiko walikotakiwa. Hawakukaa, juu kukaa ni kukubali. Na kuna wenzao Wapolandi waliosimama pamoja nao, na maprofesa wachache waliokataa kukaa darasani mpaka kila mtu akae anapotaka. Profesa Tadeusz Kotarbiński wa Warsaw alipinga hadharani. Stanisław Kulczyński, mkuu wa chuo kikuu cha Lwów, aliacha cheo mapema mwaka 1938 kuliko kutia sahihi amri ya madawati. Tunawataja juu si kweli kwamba kila mtu alikaa kimya. Hata hivyo hesabu haidanganyi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wayahudi walikuwa karibu robo ya wanafunzi wote wa vyuo vya Poland. Ilipofika 1938 walibaki kama 8 kwa 100.

Hungary nako sheria ya kikomo ilitoka mwaka 1920. Na Ujerumani, Aprili 1933, miezi mitatu tu ya Hitler, sheria ilisema wanafunzi wapya Wayahudi wasizidi 1.5 kwa 100. Baada ya Novemba 1938 hata hao wakafukuzwa.

Kikao cha mwezi uliopita mzee mmoja wa zoni alituuliza swali, na alituuliza kwa heshima. "Wanangu, hizi ngoma zenu, mpira, kikundi cha kusoma usiku, chai ya Jumapili, vimeleta nafasi ngapi za chuo?" Wengine tuliangalia chini. Tungetaka tumjibu mzee wetu kwa habari ya Marekani.

Marekani wakati ule haikuwa na sheria ya kuwafungia, lakini ilikuwa na njia za kimya. Mwaka 1922 mkuu wa chuo cha Harvard, Lowell, alipoona Wayahudi wamefika zaidi ya 20 kwa 100, alitaka waishie 15. Walimu walikataa kikomo cha wazi. Basi fomu ya kuomba nafasi ikabadilishwa: ikaanza kuuliza dini, kabila, na kama baba yako amewahi kubadili jina. Mwenye macho anajua swali hilo linatafuta nini.

Kwa hiyo waliopata nafasi walikuwa wengi wao wakijificha. Mtoto wa mshonaji nguo anafika chuoni, kwao walikuwa wanaongea Kiyidishi, wanawasha mishumaa Ijumaa jioni kupokea Sabato, wanakula nyama iliyochinjwa kidini. Chuoni hakuna hata kimoja. Vyama vya wanafunzi wengine havimtaki. Anabaki chumbani. Aliyeliona hilo katika chuo kikuu cha Illinois hakuwa hata Myahudi. Alikuwa profesa Mkristo, Edward Chauncey Baldwin, mwalimu wa fasihi aliyefundisha Biblia kama maandishi. Alishangaa kwamba wanafunzi wake Wayahudi walikuwa hawaijui Biblia ya mababu zao. Alilisukuma jambo hilo mpaka mwaka 1923 akapatikana rabi kijana, Benjamin Frankel, kuanzisha kazi pale. Umri wake haukufika 30. Mwaka uliofuata chama kikubwa cha Wayahudi, B'nai B'rith, kikaichukua kazi na kuilipia, na vyuo vingine vikafuata. Frankel mwenyewe hakuona matunda, alikufa 1927.

Waliita nyumba hizo Hillel, na jina hilo lina hadithi yake katika Talmudi, kitabu kikubwa cha sheria na masimulizi ya Wayahudi. Hillel alikuwa mhamiaji, alitoka Babeli akaenda Yerusalemu kusoma. Alikuwa kibarua. Ujira wa siku aliugawa mara mbili, nusu chakula cha familia, nusu kumlipa bawabu wa nyumba ya masomo. Siku moja hakupata kibarua, bawabu akamkatalia. Hillel akapanda juu ya paa, akalala kifudifudi kwenye tundu la kuingizia mwanga ili asikie walimu wakifundisha. Ilikuwa majira ya baridi, Ijumaa jioni. Theluji ikamfunika usiku kucha. Asubuhi walimu wakaona ndani giza, wakatazama juu, wakaona umbo la mtu. Wakamshusha, wakamwosha, wakamkalisha karibu na moto, ingawa ilikuwa Sabato na kazi ya namna hiyo imekatazwa. Walisema huyu anastahili Sabato ivunjwe kwa ajili yake. Baadaye akawa mwalimu mkubwa kuliko wengi.

Ukisoma walichokuwa wanafanya ndani ya nyumba za Hillel, unaweza kucheka. Chakula cha Ijumaa jioni. Maigizo. Dansi. Mashindano ya kuongea. Darasa la Kiebrania. Chakula cha Pasaka kwa wasioweza kufika kwao. Mtu wa kumwendea ukiwa na shida ya moyo au ya ada. Vitu vya kawaida tu, kama vyetu. Lakini ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1930, wanafunzi waliofukuzwa Ujerumani na Austria wakaanza kutafuta pa kwenda, na msaada wa kwanza ulitafutwa hapo hapo penye meza. Kulikuwa na watu wanaofahamiana, wenye orodha, wenye chumba cha ziada, wanaojua mlango wa mkuu wa chuo. Hillel ilianza kuwaombea wakimbizi nafasi na malazi katika vyuo vya Marekani, na baada ya vita ikaendelea. Mzee wetu, chai ya Jumapili haikuwa nafasi ya chuo. Ndiyo iliyokusanya watu walioitafuta.

Lakini waliookoka hivyo walikuwa wachache mno, na haifai turuke kilichowapata waliobaki.

Warsaw, chini ya Wajerumani, Wayahudi walifungiwa nyuma ya ukuta mwaka 1940. Njaa na homa ya taifasi vikaingia. Elimu ya juu ilikuwa marufuku. Daktari mmoja, Juliusz Zweibaum, aliomba kwa Wajerumani ruhusa ya kufungua kozi ya kupambana na magonjwa ya mlipuko. Wajerumani waliogopa taifasi, wakakubali. Ndani ya jina hilo walifundisha udaktari kamili. Ilianza Mei 1941, ikafika wanafunzi kama 500. Kati ya walimu alikuwepo Ludwik Hirszfeld, mmoja wa mabingwa wa dunia wa makundi ya damu. Wanafunzi walikuja jioni baada ya kazi, wamechoka, wana njaa, njiani wamepita maiti barabarani. Tarehe 22 Julai 1942 treni za kwenda Treblinka zikaanza na chuo kikafa. Wanafunzi wengi waliuawa. Wachache waliotoka hai waliweza kuhesabiwa masomo yale baada ya vita, juu walimu waliobaki walishuhudia kwamba kweli walisoma.

Hapo ndipo tunafika Munich. Mwaka 1945 vita vimekwisha, na Wayahudi waliookoka wako kambini tena, safari hii kambi za wakimbizi: Landsberg, Feldafing, Föhrenwald. Kambi zenye mgao, kadi, foleni na tetesi za nchi gani inapokea. Vijana wa kule walikuwa wamepoteza miaka sita ya shule. Baadhi yao wakafanya kitu ambacho wengi hawakukielewa, waliomba kuingia vyuo vikuu vya Ujerumani. Kukaa darasa moja na watu ambao jana walivaa sare! Wenzao kambini waliwalaumu, walitakiwa wajiandae kwenda Palestina. Wao wakajibu kwamba hawana miaka mingine ya kupoteza.

Wakuu wa Kimarekani waliamuru vyuo vya eneo lao viwaachie wakimbizi wa kila taifa nafasi 10 kwa kila 100. Nafasi ipo basi. Tatizo likawa karatasi. Cheti kilibaki kwenye nyumba iliyoungua, shule imebomolewa, mwalimu mkuu ameuawa. Unathibitishaje kwamba ulimaliza sekondari? Wengi wetu tukisoma hapa tunajua jasho lake. Wanafunzi Wayahudi wa Munich waliunda umoja wao, na kazi yake kubwa ilikuwa hiyo: kusimama kati ya kijana asiye na karatasi na chuo kinachodai karatasi, kutafuta mashahidi, kuandaa watu kwa mitihani ya kujithibitisha. Zaidi ya hapo walitafuta vyumba mjini, chakula cha ziada, vitabu. Na walicheza dansi, tena sana. Kuna walioshangaa vijana waliotoka kwenye kambi za kifo wanacheza dansi. Sisi hatushangai.

Mmoja katika waliovuka kwa njia ya Hillel ni Tom Lantos. Alizaliwa Budapest mwaka 1928, akaokoka akiwa kijana wa miaka 16, familia yake karibu yote ikauawa. Mwaka 1947 alipata nafasi ya masomo ya Hillel, akaenda chuo kikuu cha Washington, mji wa Seattle. Alizoea kusimulia kwamba mali yake yote ilikuwa soseji moja kavu ya Hungary, na watu wa forodha wakamnyang'anya alipotua. Alisoma uchumi mpaka udaktari. Mwaka 1981 akaingia bungeni, Mholokosti pekee aliyeokoka kuwahi kuwa mbunge wa Marekani, akafia bado mbunge mwaka 2008.

Tumalizie na jambo la kwetu. Kundi limekubaliana kuanza kazi kama ile ya Munich, ya karatasi. Jumamosi baada ya mgao tutakuwa kwenye kibanda cha vijana na simu mbili zenye kamera nzuri. Leteni diploma, buletini za shule, hata nusu karatasi iliyoloa mvua. Asiye na kitu aje na mtu aliyesoma naye au mwalimu aliyemfundisha, tutaandika majina, shule, mwaka na darasa, na wote wawili watie sahihi. Chai itakuwepo. Na mzee wetu wa zoni tumemwalika, amesema atakuja.